Mzigo Una Shahidi, Mkulima Hana Habari

Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa maana ya kukabidhi mzigo. Babu zetu walipakia boriti za Lamu majahazini, jahazi likafuata kusi kuelekea Uarabuni, na mwenye mali akabaki barazani hana la kujua mpaka kaskazi imletee jibu. Tegemeo lake lilikuwa mambo mawili: uaminifu wa nahodha na hati ya karani. Jambo likiharibika, nahodha aliulizwa mbele ya watu. Kwani biashara ya bahari, tangu hapo kale, imesimama juu ya ushahidi.

Siku hizi shahidi ni chombo. Nalipata kulifikiri hilo nilipokuwa Ruiri, katika Buuri, kaskazini ya mji wa Meru kwa njia ya kuelekea Isiolo. Kutoka huko hadi bandari ya Mombasa ni zaidi ya kilomita 600, na maparachichi ya Meru huuendea mwendo huo wote kabla hayajaonja hata harufu ya bahari. Yakifika Kilindini hupakiwa melini ndani ya kontena la baridi, yakapelekwa Ulaya.

Parachichi, ndugu msomaji, halifi likichumwa. Huendelea kuvuta pumzi. Joto likizidi huiva njiani. Baridi ikizidi nyama yake hugeuka nyeusi. Kwa hiyo huwekwa katika nyuzi kama 5 hadi 7 hivi, na hewa yake huchungwa pia, maana tunda moja lililoiva hutoa gesi inayoyaharakisha mengine.

Hapo ndipo vinapoingia vihisi. Kihisi ni kidude kidogo chenye betri kinachopima joto, unyevu, mtikisiko, hata mwangaza mlango ukifunguliwa. Vikiwekwa vingi katika mzigo mmoja, hupashana habari kwa mawimbi ya redio bila waya, kimoja kikapokea cha mwenzake, mpaka habari zifike kwenye chombo kikubwa kinachozituma kwa mtandao wa simu au kwa setilaiti. Mnamo 2017 kampuni ya meli ya Maersk ilianza kuwaonyesha wateja wake hali ya makontena yao ya baridi yakiwa bado baharini. Mwaka huo huo Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kutumia mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo ipitayo nchi hadi nchi. Mamlaka ya Ushuru ya Kenya hutia kontena lakiri ya elektroniki. Dereva akiacha njia aliyoruhusiwa, au lakiri ikichezewa, kengele hulia Nairobi na maofisa hutumwa barabarani.

Basi serikali imepata jicho la kulinda ushuru wake, na mwenye meli amepata jicho la kulinda kontena lake. Mkulima je?

Mzee mmoja wa Ruiri, mwenye miparachichi nyuma ya nyumba, alinijibu kwa maneno machache. "Mzee mwenzangu," alisema, "matunda yakiwa juu ya mti ni yangu. Yakipanda lori ni ya wakala. Yakioza, yanakuwa yangu tena." Aliniambia alipata kukatwa malipo kwa kuelezwa kwamba mzigo ulifika umeharibika. Umeharibikia wapi? Shambani, ghalani, bandarini, au katikati ya bahari? Hakuelezwa, wala hakuonyeshwa karatasi yoyote.

Ama kwa hakika swali lake si dogo. Tangu mwisho wa mwaka 2023, meli zilipoanza kushambuliwa katika Bahari ya Shamu, nyingi ziliiacha njia ya Suez zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, na safari ikaongezeka kwa wiki mbili hivi, pengine zaidi. Tunda lililokomaa vizuri Meru laweza kuharibiwa na mzunguko ambao mwenye shamba hakuuchagua. Hati ya joto ingelisema hivyo. Lakini hati hiyo humwendea mwenye kontena na aliyelikodi, mkulima haimfikii.

Sitaki msomaji adhani kwamba chombo hiki ni malaika. Matunda yamejaa maji, na maji humeza mawimbi. Kuta za kontena ni chuma, nacho huyazuia. Kihisi kilichofukiwa katikati ya mzigo huenda kisisikike, na mara nyingi kinachoripotiwa ni joto la hewa ya kontena, si la moyo wa tunda. Tena shahidi huyu huja amechelewa. Matunda yaliyochumwa adhuhuri yakaachwa kando ya barabara kungoja lori yamekwisha kupata dhara kabla ya kuuona mlango wa kontena, na saa hizo hakuna aliyeziandika. Na ushahidi wa kweli hauna upendeleo: waweza pia kumfichua mkulima aliyechuma machanga kwa pupa ya bei.

Hata hivyo ni bora kushindwa kwa ushahidi kuliko kushindwa kwa uvumi. Vipo vipima joto vidogo vinavyotiwa ndani ya katoni na kusomwa mzigo ukifika. Wakulima wakiuza kwa ushirika, wanaweza kudai mkataba useme mambo mawili: kipimo kianze pale mzigo unapopokewa shambani, na asikatwe mtu malipo mpaka asomewe kilichoandikwa. Mkulima mmoja akiyadai atacheka wakala. Mia wakiyadai, wakala atatafuta kalamu. Sisi wa pwani, ambao mawakala wa forodha na makuli wa bandari ni ndugu zetu, tunajua kwamba kuandikiana si kukosa imani. Dini yetu imetuamrisha kuandika deni na kuweka mashahidi. Na shahidi aliyefungiwa chumbani na upande mmoja wa wanaodaiana bado hajatoa ushahidi.

Nami niseme kwa ulimi wa kwetu:

Hana mdomo, husema, wala hazui uwongo,
Joto likipita kima, hukiandika kiwango,
Lakini aliyelima, hafunguliwi mlango,
Na haki ikishakwama, amana huwa na pengo.