Fahamu: Kwa nini watalii wa Svalbard sasa wanamtazama dubu kwa mbali?

Svalbard ni visiwa vya Norway vilivyo karibu na Ncha ya Kaskazini. Wengi huvifuata kwa ajili ya dubu mweupe, lakini tangu 1 Januari 2025 hakuna ruhusa ya kumsogelea chini ya mita 300. Kuanzia 1 Machi hadi 30 Juni ni mita 500.

Sababu ni chakula. Dubu huyu huwinda sili juu ya barafu ya bahari, na majira ya kuchipua ndipo hujaza mafuta mwilini. Akishtushwa na boti, huacha mawindo na kupoteza nguvu bure, huku barafu yenyewe ikizidi kupungua.

Meli nazo zimebanwa: katika maeneo ya hifadhi, haziruhusiwi kubeba zaidi ya abiria 200, na kushuka ufukweni ni kwenye sehemu 43 tu.

Kwa umbali wa mita 300 au zaidi, dubu ni kijidoa cha rangi ya maziwa. Asiye na darubini ameliwa nauli! Afadhali walarasi, wanyama wa baharini wenye pembe kama za tembo: waliwindwa karibu kuisha, wakalindwa mwaka 1952, na leo hulala ufukweni kwa makundi.

Kiangazi jua halizami, hivyo hata saa nane usiku sitaha haikosi watazamaji.