Mpira wa watoto Njombe: nani kijeba, nani mfupi tu?

Ukitaja Njombe na mpira mbele ya wanachuo wengi, watakutajia Njombe Mji. Timu ile ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2017/18 pamoja na Lipuli ya Iringa na Singida United, ikawa inachezea Sabasaba, na msimu ulipoisha ikashuka daraja pamoja na Majimaji ya Songea. Kwa wengi habari imeishia hapo. Mimi naandika mpira mwingine wa huko huko, usio na tiketi wala jukwaa: wa watoto wa shule ya msingi, miaka kumi hadi kumi na mbili au tatu, wengine na njumu, wengine pekupeku, kwenye baridi ya Julai ambayo mtu wa Dar akiionja siku mbili anaomba kubadilishiwa kituo.

Naandika kwa sababu karibu wote tunaosoma ualimu tutakutana nao. Ukiripoti kituoni, hata kwa fildi tu, mwalimu mkuu hakuulizi GPA. Anakuuliza, "Michezo unaweza?" Ukijibu ndiyo, umeshakabidhiwa mpira mmoja, filimbi na watoto sitini. Nilipangiwa sekondari, lakini shule ya msingi ya parokia ipo ng'ambo ya uzio na uwanja ni mmoja, kwa hiyo kufikia wiki ya pili nilikuwa "Madamu wa mpira" pande zote mbili. Saikolojia ya elimu tumesoma, upimaji tumesoma. Namna msimu wa mpira wa watoto unavyoendeshwa, hamna.

Tuanze na msimu wa serikali, maana ndio unaojulikana. Shule za msingi zina UMITASHUMTA, sekondari zina UMISSETA. Unaanzia shuleni mvua zikielekea ukingoni, unapanda kwenye kata, halmashauri, kisha mkoa, na mwezi Juni unafika taifa. Mwaka 2025 fainali za taifa zilikuwa Iringa, jirani kabisa. Kitu ambacho wazazi wengi hawakijui ni kwamba timu ya shule haipandi. Inayopanda ni kombaini: walimu wa michezo wanakaa pembeni na daftari, wanachukua wawili hapa, mmoja kule, wanaunda timu ya kata, halafu kwenye timu za kata wanachuja timu ya halmashauri. Kila ngazi wanabaki wachache. Mkoa wa Njombe una halmashauri sita: Njombe Mji, Njombe Wilaya, Makambako Mji, Wanging'ombe, Makete na Ludewa. Maana yake mtoto wa Njombe mjini na mtoto wa Makambako, waliotenganishwa na kama kilomita 60 za lami, kwa mfumo huu watakutana mkoani tu, tena wakiwa wamevaa jezi za kombaini na siyo za shule zao.

Sisemi mfumo huu ni mbaya. Nchi inatafuta vipaji na kuchuja ndiyo njia ya haraka. Ila fanya hesabu ya mwalimu. Una watoto kumi na nane. Wawili wanachukuliwa. Kumi na sita mpira wao wa mwaka umeisha mwezi Mei, na wengi wao wamecheza mechi mbili au tatu za kata, labda nusu saa kila moja. Hao kumi na sita ndio shule.

Ndiyo maana baadhi ya shule za parokia zina msimu wao wa pembeni, unaoanza shule zikifunguliwa Julai. Hauna jina kubwa, watu wanauita bonanza hata kama ni ligi. Unafaa kwa sababu nyingi. Kiangazi kimekolea kwa hiyo uwanja siyo matope. Parokia inajuana na parokia, kwa hiyo padri akimpigia mwenzake simu mechi imepangwa. Na ipo Nane Nane, sikukuu ambayo watoto hawana vipindi. Mwaka huo tulikuwa shule nne, mbili za upande wa Njombe, mbili za upande wa Makambako.

Shule nne zikicheza kila mmoja na mwenzake ni mechi sita. Mechi ya watoto wa umri huu, dakika ishirini kila kipindi na mapumziko mafupi, inakula kama dakika hamsini ukihesabu na kuita timu inayofuata uwanjani. Mechi sita ni saa tano. Sasa weka na timu za wasichana, ambazo nazo ni nne: saa kumi. Coaster ya kukodi haisubiri mpaka saa tatu usiku. Waandaaji wengi wakifika hapa wanafuta mechi za wasichana, wanawapa mpira wa pete pembeni, na mambo yanaisha. Wakati dawa ni rahisi: ugawe uwanja. Uwanja wenye urefu wa mita mia na upana wa sitini ukiukata katikati unapata viwanja viwili vinavyolala kwa upana, mechi mbili zinachezwa kwa wakati mmoja, saba kwa saba. Mistari tulichora kwa maranda ya mbao. Njombe ukikosa chokaa huwezi kukosa maranda, misonobari ipo kila kilima.

Kuna watu waliona tunaharibu mpira. Mzee mmoja aliniambia kabisa, "Mwanangu, mpira ni kumi na mmoja." Mpira wa watu wazima, ndiyo. Sheria za soka zenyewe zinaruhusu chama cha nchi kubadilisha kwa ajili ya watoto ukubwa wa uwanja, mpira, goli, muda, hata mchezaji aliyetolewa kurudi tena. Tazama goli: upana mita 7.32, kimo mita 2.44. Kipa wetu ukimsimamisha chini ya mwamba na kunyoosha mikono, bado angeweza kupita ndege wa saizi ya kuku juu yake. Kila mpira wa juu ni bao, basi watoto wanajifunza kitu kimoja tu, kupiga juu kutoka mbali. Mpira nao ni hivyo hivyo. Namba 5 una mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450. Namba 4 ni gramu 350 hadi 390. Kwa mguu wa mtoto wa darasa la tano tofauti hiyo inasikika, hasa asubuhi yenye baridi, mguu hauna kiatu.

Halafu kuna hewa. Njombe mjini ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Makambako ipo chini kidogo lakini bado ni juu. Hewa ya Njombe ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya tano, kwa hiyo mpira uliopigwa unakwenda mbali zaidi na haupindi sana. Baridi nayo inapunguza upepo ndani ya mpira. Ukiujaza mchana jua likiwaka na kuulaza stoo, asubuhi unaukuta umelegea, na mtu anaanza kumlaumu mtoto wa pampu. Pima asubuhi, jaza asubuhi.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Siku ya Nane Nane tulikwenda Makambako. Kabla ya mechi waandaaji waliwapanga watoto mstari mmoja, mmoja akapita anawaangalia kuanzia kichwani hadi miguuni. Waliozidi kimo alichokitaka aliwavuta mkono, kaa pembeni. Beki wetu wa kati akavutwa. Ana miaka kumi na moja. Ni mrefu, baba yake ni mrefu. Akaambiwa kijeba.

Kwa asiyelijua neno, kijeba ni mchezaji aliyezidi umri anayechezeshwa na wadogo. Anatajwa pamoja na mamluki, ambaye umri wake unaweza kuwa sawa lakini siyo wa shule ile. Wote wapo, tusidanganyane. Taifa zima lilishaumia: Serengeti Boys walifuzu fainali za Afrika za chini ya miaka 17 za mwaka 2005, kule Gambia, wakaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. FIFA wenyewe tangu 2009 wanapiga picha ya mifupa ya kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la umri huo. Kwa hiyo mwandaaji wa bonanza anayeogopa vijeba siyo mtu mbaya. Hana mashine, ana macho.

Lakini kwa Njombe macho ndiyo kipimo kibaya kuliko vyote, na sababu yake imeandikwa kwenye takwimu za serikali. Udumavu ni pale mtoto anapokuwa mfupi kuliko umri wake unavyotaka, kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya mara kwa mara katika miaka ya mwanzo. Utafiti wa lishe wa taifa wa mwaka 2018 uliukuta kwa asilimia 53.6 ya watoto wa Njombe walio chini ya miaka mitano. Ule wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulikuta asilimia 50.4, wakati nchi nzima ilikuwa asilimia 30. Haya ni katika mkoa wa viazi, mahindi, maziwa, maharage na parachichi. Wataalamu wana maelezo mengi, mojawapo ni mama kushinda shambani na mtoto kula uji mtupu, na chakula kizuri kupandishwa kwenye lori.

Wale watoto wa 2018 wako wapi leo? Wana miaka saba hadi kumi na mbili. Ndio wachezaji wetu. Yaani kwenye mstari ule wa Nane Nane, yawezekana karibu nusu ya watoto walikuwa wafupi kuliko ambavyo wangepaswa kuwa. Ukipima umri kwa kimo mahali kama hapo, unafanya mambo mawili kwa mpigo. Kijeba wa miaka kumi na minne aliyedumaa anapita kiulaini, kwa kuwa ana kimo cha mtoto wa kumi na moja. Na mtoto aliyekula vizuri anaadhibiwa kwa kukua. Hata goli la pili tulilofungwa siku ile, aliyefunga alikuwa na sauti nzito kama ya mshereheshaji wa harusi. Kimo chake kilipita bila swali.

Beki wetu hakulia. Alikaa kwenye jiwe, akavua jezi akaikunja vizuri, akampa mwenzake wa akiba. Kurudi, kwenye Coaster, akaniuliza, "Madamu, nikikua zaidi mwakani sitacheza kabisa?" Wenzake wakacheka. Yeye alikuwa anauliza kweli.

Kipimo bora kilikuwa karibu kuliko tulivyodhani, na ni cha parokia hasa. Kanisa Katoliki likimbatiza mtoto linaandika kwenye daftari la ubatizo tarehe na mahali alipozaliwa. Wengi wa watoto hawa walibatizwa wachanga, miaka mingi kabla mtu yeyote hajafikiria bonanza, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kudanganya. Cheti cha kuzaliwa kilichotafutwa wiki moja kabla ya mashindano hakina nguvu hiyo. Daftari haliwafai wote: shuleni wapo Walutheri, Waislamu na wasio na dini, na aliyebatizwa akiwa na miaka saba tarehe yake ilitoka mdomoni mwa mzazi. Kwa hao kuna kadi ya kliniki na rejesta ya darasa la kwanza. Karatasi mbili za zamani zikikubaliana, inatosha.

Na pendekezo la pili, ambalo walimu hawakulipenda sana: tuache kupanga kwa darasa. Mtoto wa darasa la saba anaweza kuwa na miaka kumi na mbili au kumi na tano. Tupange kwa mwaka wa kuzaliwa, basi. Faida nyingine ya mpango huu ni kwamba unawalinda wa darasa la saba, ambao kila Agosti wanafungiwa kambi ya masomo kwa ajili ya mtihani wa Septemba na kukatazwa kugusa mpira. Mwalimu wa taaluma aliniambia mtihani haufanywi kwa miguu. Nilimwelewa, shule ya kulipia inaishi kwa matokeo. Ila wale watoto walikuwa wanatoroka saa kumi kucheza chandimu nyuma ya jiko, kwa soksi zilizojazwa matambara, kwa hiyo miguu ilikuwa inachoka vile vile. Tukakubaliana dakika arobaini, Jumanne na Alhamisi. Hakuna aliyetoroka tena, au kama walitoroka hawakuonekana.

Tuliandika barua kwa shule zote tatu, ikiwa na orodha ya wachezaji, mwaka wa kila mmoja na karatasi zilizotumika. Jibu la waandaaji wa Makambako lilikuja siku mbili kabla sijafunga fildi. Orodha wameikubali, kupanga mstari hakutakuwepo, kila shule ije na nakala, na nauli ya Coaster kila mtu ajitegemee. Beki wetu amezaliwa Novemba 2013. Mwakani bado yumo.