Mraba Unaosomwa na Simu: Msimbo wa QR Katika Ubunifu wa Biashara

Msimbo wa QR ni mchoro wa mraba uliojaa miraba midogo myeusi na myeupe, ambao kamera ya simu huusoma kwa kufumba na kufumbua na kuugeuza kuwa namba, maandishi au anwani ya tovuti. Nchini Tanzania umezoeleka kwenye risiti za mashine za kielektroniki za kodi (EFD), kwenye stempu za kodi zinazobandikwa katika chupa za vinywaji, na kwenye vibao vya Lipa Namba vya kulipia kwa simu vinavyowekwa kaunta. Nchini Kenya nako huonekana kwenye risiti za kodi na kwenye vibao vya malipo. Kwa sababu hiyo, machoni pa wengi msimbo huu ni jambo la kulipa na kuhakiki, na mfanyabiashara anayetaka kuutumia kumvuta mteja mara nyingi huishia kuuchapa kwenye kona ya bango, chini ya namba ya simu, pasipo neno lolote la kumweleza mpita njia kwa nini ajisumbue kutoa simu mfukoni. Hapo ndipo kazi inapoharibika, kwa kuwa msimbo ni mlango tu, na watu hawabishi hodi kwenye mlango wasioujua umefungia nini.

Asili yake haina uhusiano wowote na matangazo. Kabla yake palikuwa na msimbopau, yaani ile mistari ya wima iliyochapwa kwenye pakiti za bidhaa, ambao, katika mfumo unaotumika madukani hadi leo, ulisomwa kwa mara ya kwanza kwenye kaunta ya supamaketi moja mjini Troy, jimbo la Ohio, Marekani, tarehe 26 Juni 1974, bidhaa yenyewe ikiwa pakiti ya chingamu. Msimbopau husomwa upande mmoja tu, na herufi unazobeba hazizidi sana 20, hivyo viwanda vya magari vya Japani, vilivyohitaji kufuatilia maelfu ya vipuri, vililazimika kubandika misimbopau kadhaa kwenye sanduku moja. Mwaka 1994 Masahiro Hara na wenzake wa kampuni ya Denso walibuni msimbo unaosomwa kwa mlalo na kwa wima pamoja, wazo ambalo Hara amelihusisha na mchezo wa Go, ambamo kete nyeusi na nyeupe hupangwa juu ya ubao wa mistari. Herufi Q na R ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya jibu la haraka.

Miraba mitatu mikubwa iliyo kwenye pembe ndiyo inayoiambia kamera kwamba mchoro ulio mbele yake ni msimbo na si kitu kingine, na ndiyo inayouwezesha kusomeka hata simu ikishikwa upande au kichwa chini. Ili isichanganywe na maandishi mengine, kundi la Hara lilipekua magazeti, vipeperushi na maboksi likitafuta mpangilio wa weusi na weupe unaotokea kwa nadra kabisa katika vitu vilivyochapwa, likaupata katika uwiano wa 1:1:3:1:1. Jambo la pili, ambalo lina manufaa makubwa zaidi kwa mfanyabiashara, ni uwezo wa msimbo kujirekebisha: taarifa huhifadhiwa pamoja na nakala za kihisabati za kuisahihisha, kiasi kwamba katika ngazi ya juu kabisa hadi takriban asilimia 30 ya mchoro inaweza kuchafuka au kuchanika na bado simu ikausoma. Nafasi hiyo, iliyokusudiwa mafuta na vumbi la kiwandani, ndiyo wachoraji wa matangazo wanayoitumia kuweka nembo ya kampuni katikati ya msimbo au kuupamba kwa rangi. Kwa lugha nyingine, nembo hiyo huhesabiwa na simu kuwa ni doa, na anayezidisha mapambo hula akiba ambayo ingeuokoa msimbo siku bango litakapopauka kwa jua.

Kampuni iliyoubuni ilikuwa na hataza, lakini iliamua kutowadai wengine ada ya matumizi, na mwaka 2000 msimbo ukawa kiwango cha kimataifa. Hata hivyo, kwa miaka mingi mtumiaji alilazimika kupakua programu maalumu kwanza, na wengi hawakuona haja. Mambo yalibadilika kuanzia 2017, kamera ya iPhone ilipoanza kuusoma moja kwa moja, na simu nyingine zikaelekea huko. Kisha likaja janga la UVIKO-19, ambapo migahawa ya nchi nyingi iliondoa menyu za karatasi mezani na kuweka msimbo badala yake.

Mifano miwili kutoka Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini, inafundisha kuliko vitabu vingi vya masoko. Mwaka 2011 maduka ya Homeplus, yaliyokuwa chini ya Tesco ya Uingereza, yalipamba kuta za kituo cha treni za chini ya ardhi kwa picha kubwa za rafu za supamaketi, zikiwa na maziwa, matunda na nyama katika ukubwa wake halisi, na chini ya kila bidhaa pakawekwa msimbo. Abiria aliyesubiri treni aliskani, yaani alielekeza kamera ya simu kwenye msimbo wa alichokitaka, na mzigo ukampata nyumbani. Ubunifu wa kampeni hiyo haukuwa katika teknolojia, kwa kuwa msimbo ulikuwa tayari na umri wa miaka 17. Ulikuwa katika kuona kwamba dakika za kusubiri treni ni dakika ambazo mtu hana la kufanya, na kwamba mfanyakazi anayerudi nyumbani amechoka hana hamu ya kusukuma toroli.

Mwaka uliofuata, 2012, mshindani wao Emart alikabiliwa na tatizo dogo lakini la wazi: mauzo yalishuka kila siku saa ya chakula cha mchana. Wabunifu wake walijenga vinyago vya vigingi vyeupe, virefu kwa vifupi, vikapangwa kwa hesabu hivi kwamba asubuhi na jioni kilichoonekana ni bustani ya vijiti visivyo na maana, lakini jua lilipofika utosini, kati ya saa sita na saa saba mchana, vivuli vilianguka mahali pake na kuchora msimbo kamili wa QR ardhini. Aliyeuskani katika saa hiyo alipata kuponi ya punguzo, na saa hiyo ikipita msimbo uliyeyuka pamoja na vivuli vyake. Kwa mujibu wa taarifa za kampeni hiyo, mauzo ya saa ya mchana yaliongezeka kwa asilimia 25. Hata kama tarakimu za watangazaji hupokelewa kwa tahadhari, jambo la kutazamwa ni jinsi tatizo, wakati na zawadi vilivyofungwa fundo moja: duka lilikosa wateja saa sita, na msimbo uliweza kusomeka saa sita tu.

Upo pia ubunifu wa kuchokoza udadisi mtupu. Mwezi Februari 2022, katika fainali ya mpira wa miguu wa Kimarekani iitwayo Super Bowl, ambayo nafasi zake za matangazo ni miongoni mwa zile ghali kuliko zote duniani, kampuni ya sarafu za kidijitali ya Coinbase ilionyesha kwa sekunde 60 msimbo mmoja ukielea na kubadilika rangi kwenye kioo cheusi, bila sauti ya mtangazaji wala maelezo. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba tovuti yake ilitembelewa zaidi ya mara milioni 20 kwa dakika moja, na ikazidiwa kwa muda. Mchezo wa aina hiyo huchezwa mara moja. Atakayeurudia atakuta watu wameshaujua, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mwanza hana sababu ya kuuiga.

Katika Afrika Mashariki, mahali penye rutuba ni pale ambapo bidhaa ina habari isiyotosha kwenye lebo. Kanga ni mfano mzuri. Kila kanga ina pindo, mji na jina, na jina ndilo linalomfanya mnunuzi achague doti hii na kuiacha ile, kwa kuwa lipo jina la kumpongeza mzazi, lipo la kuomba radhi, na lipo la kijembe kwa jirani ambaye hataambiwa chochote kwa mdomo. Muuzaji wa Kariakoo au wa mtaa wa Biashara mjini Mombasa anaweza kubandika msimbo kwenye shata la duka, ili anayepita usiku duka likiwa limefungwa aone majina yaliyoingia wiki hiyo na kuweka oda ya harusi kupitia WhatsApp. Kwenye lebo ya karatasi iliyofungwa na doti, msimbo mwingine unaweza kufungua video fupi ya mitindo ya kujifunga, au maelezo ya jina kwa mgeni asiyejua Kiswahili. Inafaa ubaki kwenye lebo na si kwenye kitambaa chenyewe, kwani nguo ikikunjamana kamera huona miraba iliyopinda.

Mantiki hiyo hiyo inamfaa muuza viungo wa Zanzibar, ambaye pakiti yake ya karafuu haina nafasi ya maelezo kwa lugha tano lakini msimbo unayo; inamfaa mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro ambaye mnunuzi wa Ulaya anataka kujua ilikotoka na ilivyokaushwa; na inamfaa fundi cherehani, ambaye akishona lebo yenye msimbo mdogo ndani ya ukosi humrudisha mteja kwenye vipimo vyake mwenyewe. Daladala na matatu zinahitaji akili kidogo: msimbo nyuma ya gari linalokwenda ni kazi bure, tena ni hatari kwa dereva anayefuata, ilhali mgongoni mwa kiti, mbele ya abiria aliyekwama kwenye foleni, ni mahali pa dhahabu.

Yapo mambo mawili ya hapa kwetu ambayo mafunzo ya kigeni hayayataji. La kwanza ni bando. Mteja anayeskani hutumia data aliyoinunua kwa fedha yake, na ukurasa uliojaa video nzito humkasirisha kabla haujafunguka. Ukurasa mwepesi wenye bei, picha moja na kitufe cha WhatsApp hushinda tovuti ya fahari. La pili ni kwamba wateja wengi bado hutumia kitochi, ambacho hakina kamera ya kusoma chochote, kwa hiyo pembeni ya msimbo panapaswa kubaki namba ya simu iliyoandikwa kwa tarakimu kubwa.

Mwenye biashara anatakiwa pia kujua tofauti ya msimbo tuli na msimbo badilifu. Msimbo tuli hubeba anwani ya mwisho yenyewe, na ukishachapwa haubadiliki tena. Msimbo badilifu hubeba anwani fupi ya kati, ambayo mwenyewe anaweza kuielekeza leo kwenye ofa ya Ramadhani na kesho kwenye sare za shule, bila kuchapa bango upya, huku akihesabu walioskani. Akichapa msimbo tofauti kwa kila mahali, mmoja wa stendi, mwingine wa sokoni, mwingine wa kwenye mfuko wa bidhaa, atajua ni wapi fedha yake ya matangazo inafanya kazi. Gharama ya msimbo badilifu ni kwamba anwani ile ya kati ni ya kulipiwa na kulindwa. Mwaka 2015 nchini Ujerumani mteja mmoja aliskani chupa ya tomato sosi ya Heinz akafikishwa kwenye tovuti ya picha za ngono, kwa sababu shindano lililotangazwa kwenye lebo lilikuwa limekwisha, umiliki wa anwani ukaachwa uishe, na mtu mwingine akaichukua huku chupa zikiwa bado mezani. Kampuni iliomba radhi.

Suala la uaminifu halikwepeki. Jicho la binadamu haliwezi kutofautisha msimbo wa kweli na wa tapeli, na ndiyo maana mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022 polisi wa miji ya Texas, Marekani, waliwaonya madereva kuhusu stika za misimbo bandia zilizobandikwa kwenye mashine za kulipia maegesho. Benki Kuu ya Kenya ilizindua kiwango cha kitaifa cha misimbo ya malipo mwaka 2023, na Tanzania ina kiwango chake kiitwacho TANQR. Viwango hivyo vinasaidia upande wa malipo, lakini bango la ukutani bado linalindwa na mwenye duka anayelikagua kila asubuhi kwa kulipitishia kidole kuona kama kuna stika iliyobandikwa juu yake. Anayekusanya majina na namba za wateja kupitia msimbo akumbuke pia kwamba Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zote mbili zinamhusu hata akiwa na kibanda kimoja.

Yaliyobaki ni ya kiufundi na ni machache. Rangi nyeusi juu ya nyeupe haijapata mpinzani. Pembeni pote pabaki ukingo mtupu wenye upana wa miraba midogo minne. Na upana wa msimbo uwe walau sehemu moja ya kumi ya umbali wa msomaji, hivyo bango la kusomwa kutoka mita 10 linahitaji msimbo wa mita nzima. Juu yake yaandikwe maneno yanayotaja faida, kama vile "Skani upate bei ya leo", kwa sababu neno "Skani" peke yake ni amri isiyo na malipo. Kisha, kabla ya kuagiza mabango elfu moja, mfanyabiashara achapishe moja, alibandike mahali litakapokaa, amwite mtu mwenye simu ya bei nafuu iliyopasuka kioo, na amtazame akijaribu bila kumwelekeza.