Mlonge Uani: Mti Unaopenda Kukatwa

Askari hana makazi ya kudumu. Leo yupo Arua, kesho barua ya uhamisho yamwita Moroto, na mkewe hana budi kufunga vyombo na kuwaaga majirani aliokwisha kuwazoea. Ndiyo sababu familia nyingi zinazokaa katika nyumba za kambini huona kwamba kupanda mti ni kazi bure. Ya nini, wasema, kupanda mwembe ambao matunda yake yataliwa na wageni?

Hoja hiyo ina uzito wake. Walakini upo mti usiomngojesha mpandaji miaka mingi, nao ni mlonge, ambao wengine huuita mzunze. Asili yake ni kaskazini ya India, chini ya milima ya Himalaya, na siku hizi umeenea katika nchi nyingi za joto. Ukipandwa mwanzo wa mvua na kutunzwa vema, majani yake huingia chunguni kabla ya mwaka kwisha.

Mahali pa kuupanda

Mlonge hupenda jua na nchi yenye joto. Katika nyanda za juu zenye baridi, kama Kabale, hukua kwa uvivu. Huvumilia ukame, lakini haustahimili maji yaliyotuama. Mche wangu wa kwanza niliupanda karibu na bafu, nikidhani maji ya kuogea yatanipunguzia kazi ya kumwagilia. Majani yakageuka manjano, na nilipoung'oa nilikuta mizizi imeoza.

Basi chagua mahali palipoinuka kidogo, penye udongo unaopitisha maji. Chimba shimo la upana na kina cha sentimita 50, uchanganye udongo wa juu na samadi iliyooza, kisha urudishe. Loweka mbegu katika maji usiku mmoja, uzifukie mbili mbili kwa kina cha sentimita 2. Mbegu nzima zisizokaa sana ghalani huota aghalabu katika muda wa wiki moja hadi mbili. Zikiota zote mbili, acha ule mche wenye nguvu.

Mwenye kuotesha katika kopo au mfuko na ahamishe mche ukifikia sentimita 30, akiwa mwangalifu asiukate mzizi mkuu. Usisahau kuzungushia miiba, kwa maana mbuzi huupenda mlonge kuliko sisi. Nyasi za kufunika udongo zisigusane na shina, zisije zikawaita mchwa.

Samaki mkunje angali mbichi

Mche wangu wa pili ulistawi. Niliuacha ukue upendavyo, nikijivunia urefu wake mbele ya majirani. Haukumaliza mwaka ukawa umelipita paa la nyumba, na majani yote yakawa juu kabisa, mkono wa mpishi usikofika.

Siku moja mtoto wa jirani, mwenye miaka tisa, aliupanda ili amchumie mama yake mboga. Mbao za mlonge ni laini, na matawi yake huvunjika upesi. Tawi likakatika, mtoto akaanguka, na mkono wake ukavunjika. Baba yake alikuwa zamu mpakani, hivyo ni sisi wanawake tuliomfunga mtoto mkono kwa kitenge na kumkimbiza hospitali. Sikupata usingizi usiku ule. Mti ulikuwa wangu.

Baba mtu aliporudi, alipita kwangu na panga mkononi. Nikamwambia, "Afande, pole sana. Kosa ni langu." Hakunijibu. Aliukata mti wangu usawa wa kiuno. Kisha akasema, "Mama, usidhani nimeukata kwa hasira. Kwetu mlonge hukatwa, ndipo ukawa mboga."

Sikumsadiki. Lakini wiki chache baadaye lile gutu lilitoa machipukizi mengi pande zote, yenye majani mororo, na mtoto yule, mkono ungali umefungwa, aliweza kuyachuma akiwa amesimama chini.

Hilo ndilo somo kubwa la mti huu. Mche ukifika sentimita 60, kata ncha yake kwa kucha ili utoe matawi. Matawi nayo yakirefuka, yakate ncha vivyo hivyo. Kisha kila mwaka uushushe mti mzima hadi kimo cha mita moja. Anayeuonea huruma mlonge wake hujinyima mboga.

Chunguni na mtungini

Majani ya mlonge yana protini, madini ya chuma na chokaa, pamoja na vitamini A inayolinda macho ya watoto. Yapukute kutoka vikonyo vyake, yachemshe kwa dakika chache, kisha uyaunge kwa karanga au simsim iliyosagwa. Kwa ajili ya kiangazi, yaanike kivulini, wala si juani, maana jua hupunguza vitamini. Yakikauka yatwange, uyachunge, uyaweke katika chombo chenye kifuniko. Kijiko kimoja hutiwa katika uji wa mtoto baada ya kuuepua.

Mbegu nazo zina kazi yake. Wanawake wa Sudani wamezitumia tangu zamani kuyatuliza maji ya Nile yenye matope. Mbegu moja iliyomenywa na kutwangwa hutosha lita moja, na mbili zikihitajika kwa maji machafu sana. Koroga kwa kasi dakika moja, kisha polepole dakika kumi, uache maji yatulie saa moja au zaidi. Matope huzama chini. Hata hivyo maji kuwa meupe si kuwa salama. Yachuje na kuyachemsha kabla ya kunywa.

Mboga, si daktari

Wako wachuuzi wanaodai kwamba mlonge huponya magonjwa 300. Ndugu msomaji, usikubali. Mti huu ni chakula bora, lakini hauponyi malaria, wala haumpi mtu ruhusa ya kuacha dawa za hospitali. Mwenye kisukari au shinikizo la damu anayetumia dawa na amwulize daktari kabla ya kuutumia kwa wingi. Mizizi na magome yana sumu, na hasa mama mjamzito asiyaguse.

Barua ya uhamisho iliponifikia mimi pia, niliacha gutu lile uani likiwa limechipua, nikachukua mbegu chache katika kitambaa. Aliyeingia katika nyumba ile alikuta mboga mlangoni. Nami hapa nilipo sasa, mche wangu umefika sentimita 60, na leo asubuhi nimeukata ncha.