Mama Anapochagua Kujifungulia Nyumbani

Lugha yetu ina neno zuri sana kwa tendo la mama kuleta mtoto duniani. Tunasema amejifungua. Hatusemi amefunguliwa na daktari wala na mkunga. Kamba iliyomfunga miezi tisa ameifungua mwenyewe. Lakini lugha hiyo hiyo inalo neno jingine, uchungu. Uchungu ni ladha ya shubiri, ni huzuni ya moyoni, na ni maumivu ya mama anayezaa. Mama anayekaribia siku zake huyabeba maneno haya mawili pamoja, na mara nyingi hana wa kuzungumza naye habari zake.

Zamani, katika nyumba za Kiswahili za Kariakoo, Gerezani na Ilala, zile zenye vyumba sita na korido katikati, kujifungua lilikuwa jambo la chumbani. Mkunga aliitwa kutoka mtaa wa pili, maji yakachemshwa uani, wanaume wakatoka kwenda barazani, na wapangaji wakasema kwa sauti ya chini. Mama alishikwa mgongo na mama yake mzazi au somo yake. Dawa ya maumivu haikuwapo. Palikuwa na mikono, maneno na khanga.

Siku hizi mambo yamebadilika. Katika uchunguzi wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2004 na 2005, watoto waliozaliwa katika vituo vya tiba Tanzania walikuwa asilimia 47 tu. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 walifikia asilimia 81, na kwa Dar es Salaam ni zaidi ya 9 katika kila 10. Hata hivyo wapo akina mama ambao bado hujifungulia nyumbani. Wengine uchungu huwashika ghafla usiku huko Chanika au Msongola, hawana nauli ya taksi. Wengine hukaa nyumbani kwa makusudi, ingawa kutoka chumbani kwao Buguruni hadi Hospitali ya Amana ni mwendo mfupi. Hao wa pili ndio tunaotaka kuzungumza habari zao leo.

KWA NINI ABAKI NYUMBANI?

Ni rahisi kusema kwamba mama huyo ni mjinga, au kwamba ameshikilia mila. La hasha. Mara nyingi ni mama aliyekwisha kuzaa hospitali, na anajua anachokikimbia. Anakumbuka wodi yenye msongamano, ambako mama wawili hulala kitanda kimoja. Anakumbuka ndugu yake akizuiwa mlangoni kwa sababu leba haina mapazia. Zaidi ya yote anakumbuka kauli. Aliambiwa anyamaze, kwani wakati anaitafuta hiyo mimba alilia? Maneno ya namna hiyo hayasahauliki.

Watafiti waliliangalia jambo hili katika wilaya za Korogwe na Muheza, Mkoa wa Tanga, mwaka 2011 na 2012. Waliwauliza akina mama walipokuwa wakitoka hospitali kama walitendewa vibaya wakati wa kujifungua. Asilimia 19 walisema ndiyo. Baadhi ya akina mama wakafuatwa nyumbani wiki chache baadaye na kuulizwa tena. Safari hii waliosema ndiyo walikuwa asilimia 28. Hebu tulitafakari hilo. Mbele ya mlango wa hospitali mama hunyamaza. Akiwa amekaa mkekani kwake, mtoto yuko mapajani, ndipo husema.

Kuna jambo jingine. Mama aliyetishwa na uchungu huambiwa aende hospitali akapate nafuu. Lakini katika hospitali nyingi za umma hapa kwetu, mama anayejifungua kwa njia ya kawaida huwa hapewi dawa ya kupunguza maumivu. Sindano ya ganzi ya mgongoni hutumika zaidi kwa mama anayefanyiwa upasuaji. Basi mama hupiga hesabu yake: kama kuumia nitaumia huku na huku, heri niumie penye mtu wa kunishika mkono. Tukitaka kumshauri, ni lazima kwanza tukubali kwamba hesabu hiyo ina ukweli ndani yake.

JE, NI AMRI YA MUNGU AUMIE?

Wapo Wakristo wanaosema kwamba kutafuta nafuu ya uchungu ni kwenda kinyume na Maandiko, kwa sababu ya yale Hawa aliyoambiwa katika Mwanzo 3:16. Jambo hili si geni. Mwaka 1847 daktari James Young Simpson wa Edinburgh alianza kuwapa akina mama dawa ya kuvuta puani, kwanza etha, kisha klorofomu. Walitokea watu waliompinga kwa aya hiyo hiyo. Naye, aliyekuwa mtu wa kusoma Biblia, aliwajibu kwamba Mungu mwenyewe alimlaza Adamu usingizi mzito kabla ya kumtoa ubavu. Mwaka 1853 Malkia Victoria wa Uingereza alitumia klorofomu alipomzaa mtoto wake wa nane, Leopold, na kelele zikapungua.

Tusome pia aya inayofuata. Neno la Kiebrania linalotaja taabu ya Hawa katika kuzaa ndilo hilo hilo linalotaja taabu ya Adamu katika kulima. Ni nani kati yetu amewahi kumkataza mkulima asitumie jembe la kukokotwa na ng'ombe, kwa kuwa imeandikwa atataabika? Kama taabu ya baba imeruhusiwa kupunguzwa, ya mama kwa nini izuiwe?

HOFU NA MAUMIVU

Uchungu si ugonjwa. Mfuko wa uzazi ni msuli wenye nguvu nyingi. Hujikaza na kulegea, kwanza kila baada ya dakika kumi au zaidi, baadaye kila dakika mbili au tatu, mpaka mlango wa uzazi ufunguke kiasi cha sentimita 10. Kwa uzazi wa kwanza kazi hiyo yaweza kuchukua saa 12 na kupita.

Daktari mwingine Mwingereza, Grantly Dick-Read, aliandika katika miaka ya 1930 na 1940 kwamba hofu humfanya mama akaze mwili, na mwili uliokazwa huumia zaidi. Wapo waliomwona amezidisha, maana uchungu upo hata kwa mama asiye na hofu. Lakini wakunga wetu wa zamani walilijua jambo lake bila kitabu. Hawakumwacha mzazi peke yake. Walimsugua kiuno kwa mafuta ya nazi, wakamtembeza koridoni, wakamwacha apige magoti au achuchumae, wakamnywesha uji.

Haya ya mikono si mambo ya kizamani. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa huduma wakati wa kujifungua. Humo limependekeza kila mama awe na mwenza anayemtaka mwenyewe, atembee na kukaa anavyoona nafuu, akandwe kwa mikono na kwa kitambaa cha maji ya moto, afundishwe kupumua na kulegeza mwili, na anayehitaji dawa ya maumivu apewe. Mengi ya hayo hayana gharama.

Neno moja kwa mabinti zetu. Wengi tulifundwa kwamba mwanamke wa heshima hazai kwa kelele. Heshima ni nzuri, lakini mama anayeguna, anayeomba kwa sauti au anayeimba tenzi hajamkosea mtu. Asichekwe nyumbani, asitukanwe hospitali.

YALE AMBAYO CHUMBA HAKIWEZI

Baada ya kusema hayo yote, ni lazima tuseme na lile gumu. Maumivu ndiyo tunayoyaogopa, lakini si maumivu yanayoua.

Kinachoua kwanza ni damu. Mtoto akiisha kutoka, mfuko wa uzazi unatakiwa ujikaze kwa nguvu ili mishipa ifunge. Usipojikaza, damu humwagika, na mama aliyekuwa mzima kabisa aweza kufa ndani ya saa mbili. Hospitali humpa kila mzazi sindano ya oksitosini ili mfuko ujikaze. Mkunga wa mtaani hana sindano hiyo, na hata angekuwa na mikono yenye baraka kiasi gani, hana damu ya kumwongezea.

Cha pili ni kifafa cha mimba. Mama huumwa kichwa sana, macho huona ukungu, kisha degedege. Mitaani wengine husema ni pepo, na muda ukapotea kwa makafara. Ni shinikizo la damu, nalo lina dawa yake hospitali.

Cha tatu ni pumzi ya mtoto. Mtoto asiyelia anahitaji kusaidiwa kupumua katika dakika ya kwanza. Wakunga na wauguzi wa hospitali 8 za Tanzania walipofundishwa kazi hiyo kwa kifaa rahisi cha kubonyeza kwa mkono, vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2013.

Cha nne ni uchungu usiokwisha. Wazee husema jua lisizame mara mbili juu ya mama aliye katika uchungu. Kichwa cha mtoto kikikwama muda mrefu, mtoto hufa na mama hubaki akivuja mkojo. Hiyo ndiyo fistula, ambayo hospitali ya CCBRT ya hapa Dar es Salaam imewatibu akina mama wengi bila malipo. Na hatari huzidi pale mama anapopewa dawa za miti shamba za kuongeza uchungu. Hakuna anayejua kipimo chake, na mfuko wa uzazi waweza kupasuka.

Matatizo haya hayapigi hodi. Inakadiriwa kwamba katika kila akina mama 100 wenye mimba, takriban 15 hupata tatizo la hatari, na mara nyingi haiwezekani kuwajua mapema. Kuzaa watoto watano salama si hakikisho la wa sita. Uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba Tanzania ilipoteza akina mama 556 kwa kila watoto hai 100,000; ule wa 2022 ulionyesha 104. Kujifungulia penye mtaalamu kumechangia sana badiliko hilo.

Katika Mwanzo 35 twasoma habari za Raheli, aliyeshikwa na uchungu mzito njiani kwenda Efrathi. Mkunga alikuwapo, na alikuwa mkunga mwema, kwani alimtia moyo asiogope. Maneno yake yalikuwa mazuri kuliko yale wanayosikia baadhi ya akina mama leo. Hata hivyo Raheli alikufa. Mkunga yule alikuwa na kauli, hakuwa na sindano. Wodi zetu nyingine zina sindano, hazina kauli. Mama anastahili vyote viwili.

TUFANYE NINI?

Mama mjamzito, panga mapema. Hudhuria kliniki na utunze kadi yako. Uliza huko ni vitu gani uje navyo, ukavitie katika mfuko mmoja pamoja na doti za khanga na nguo za mtoto. Weka akiba ya nauli ya usiku, ndogo ndogo, kama mchezo wa upatu. Mjue dereva wa bajaji au taksi anayelala mtaani kwenu. Upo pia mfumo wa m-mama wa kusafirisha akina mama wenye dharura, ambao namba yake, 115, hupigwa bure.

Mchague mwenza wako, na uulize kliniki kama anaruhusiwa kuingia leba. Mkoani Kigoma, kuanzia mwaka 2016, vituo kadhaa vya serikali viliwaruhusu akina mama kuingia na wenza wao. Ikiwa Kigoma imewezekana, na kwingine yawezekana. Pazia si kitu cha anasa. Pale asiporuhusiwa, na abaki nawe mpaka mlangoni, akukande na kukutia moyo.

Baba wa nyumba, mkeo akisema chupa imepasuka, usingoje kuche. Kama maji ni ya kijani, kama damu inatoka, kama kitovu kimetangulia, kila dakika ni ya thamani.

Bibi mkunga wa mtaa, hatukutupi. Akina mama wanakuamini, na imani hiyo ni mali. Mlete mzazi hospitali mwenyewe, umshike mkono njiani.

Nawe muuguzi, dada yetu, twajua umesimama usiku kucha, wazazi ni wengi na nyinyi ni wachache. Mishahara na vitanda ni madai ya haki, nasi tuyadai pamoja. Lakini kumwita mzazi kwa jina lake hakuhitaji bajeti. Neno lako moja jema usiku huu laweza kumfanya mama huyo arudi kwako kwa mtoto wa pili, na neno moja baya laweza kumbakiza chumbani, mlango ukiwa umefungwa, damu ikimtoka, na hospitali iko ng'ambo ya barabara.