Kiungo wa Miaka 14 Hapimwi kwa Chenga

Swali ni lilelile, na siku hizi linakuja na video ya sekunde arobaini. Muziki juu, mtoto wa miaka 14 anawapiga chenga watatu, anampitishia wa nne tobo, anafunga. Chini yake mzazi ameandika: "Kocha, habari za kazi. Huyu kijana wangu ni kiungo. Si atafika?"

Kwa video hiyo siwezi kujua, na yeyote atakayekujibu "ndiyo" baada ya kuitazama anakudanganya. Nimeshajibu hivyo mara nyingi na bado video zinakuja, kwa hiyo leo nieleze sababu. Kuna imani moja inayotuharibia viungo mwaka hadi mwaka: kwamba anayewatawala wenzake leo ndiye atakayewatawala kesho.

Wavulana wengi hurefuka kwa kasi kubwa zaidi wakikaribia miaka 14, lakini huo ni wastani tu. Mwingine huanza akiwa na 12, mwingine akiwa na 16. Chukua vijana wa darasa moja, vyeti vyote vya kuzaliwa ni halali, na bado utakuta mmoja ana mwili wa miaka 16 na mwenzake ana mwili wa miaka 12. Mweke yule wa kwanza katikati ya uwanja. Atashinda kila mpira wa kugombea, atapiga pasi ndefu ambayo wenzake hawana nguvu ya kuipiga, na akitoka na mpira hakuna wa kumkamata. Watu wataimba jina lake. Wanachokishangilia ni mwili uliowahi kukomaa. Wenzake wakifika 17 au 18 nao wameshajaa, ile faida imekwisha, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemfundisha njia nyingine ya kucheza, kwa sababu kusukumana kulitosha kushinda.

Ongeza mwezi wa kuzaliwa. Mashindano ya vijana ya FIFA hukata umri Januari 1, kwa hiyo aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba ni rika moja kwenye karatasi, ingawa kati yao kuna karibu mwaka mzima wa kukua. Jambo hili limechunguzwa sana kwenye akademi za Ulaya, na jibu linajirudia: waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka wa mashindano ni wengi mno kuliko wa mwisho. Uingereza, ambako mwaka huo huanza Septemba, watoto wa Septemba, Oktoba na Novemba ndio wanaojaza orodha. Hakuna mwezi unaozaa viungo bora. Makocha wanachagua ukubwa na kuuita kipaji.

Huku kwetu kuna pia vijeba, wakubwa wanaojipunguzia umri ili wacheze na wadogo. FIFA ilianza kupima mifupa ya kifundo cha mkono kwa MRI kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 la mwaka 2009, na Tanzania tuliujua uchungu wa suala hili mapema zaidi, tulipoondolewa kwenye fainali za Afrika za vijana za 2005 kwa kosa la umri. Watu hukumbuka aibu ya taifa. Mimi namfikiria kiungo mwenye umri wake halali aliyekaa benchi nyuma ya kijeba, akaambiwa ni laini, akaacha mpira kabla mwili wake haujaanza kukua. Huyo hatutamjua kamwe.

Mifano ya wakubwa ipo. Luka Modrić alikataliwa na Hajduk Split akiwa mtoto kwa kuonekana mdogo na dhaifu. Mwaka 2018 alichukua Ballon d'Or. N'Golo Kanté alipitwa na akademi za Ufaransa kwa sababu ya umbo lake, akakulia Suresnes, klabu ndogo pembeni mwa Paris, kisha akawa bingwa wa Uingereza na Leicester mwaka 2016 na bingwa wa dunia 2018. Upande wa pili yupo Nii Lamptey wa Ghana, mchezaji bora wa fainali za dunia za vijana za 1991 kule Italia, ambaye ukubwani hakufika pale alipotabiriwa. Toni Kroos alipewa tuzo hiyohiyo mwaka 2007 na akafika kileleni. Sisemi udogo ni sifa, wala kung'ara mapema ni laana. Nasema ubora wa leo peke yake haukuambii kitu kuhusu kesho mpaka ujue umetokana na nini.

Kiungo hupimwa kabla mpira haujamfikia. Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, aliwafuatilia kwa kamera viungo wa Ligi Kuu ya Uingereza akihesabu wanavyogeuza kichwa kabla ya kupokea, na waliotazama zaidi ndio waliofikisha sehemu kubwa zaidi ya pasi zao. Nilimwona mmoja wa namna hiyo kwenye mechi ya UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari: namba nane mwembamba, jezi inamvaa. Beki wake wa kati ana mpira. Kijana akatazama bega la kulia, akatazama la kushoto, akasogea hatua mbili kutoka nyuma ya mshambuliaji aliyekuwa anaziba njia, akafungua nyonga, akapokea kwa mguu ulio mbali na mkabaji. Mguso wa kwanza ulishampita mtu, wa pili ulikuwa pasi kwa winga. Hakuna aliyepiga kelele. Baadaye akanyang'anywa mpira vibaya, na palepale akageuka akakimbia kuziba njia ya pasi badala ya kumlalamikia refa. Daftari langu lilijaa, na hakupiga chenga hata moja.

Katika dakika 90 kiungo hukaa na mpira mguuni dakika mbili hivi. Video yako imekata kipande cha hizo mbili.

Kwa hiyo fanya haya. Rekodi mechi nzima kutoka mahali pa juu, kamera imfuate yeye hata akiwa hana mpira. Mpime urefu kila baada ya miezi mitatu, andika, na weka urefu wa baba na mama; kocha anayejua kazi atakadiria amefika wapi katika kukua. Akirefuka ghafla na miguu ikaanza kumsaliti, au magoti yakauma, punguza mazoezi ya kuruka na usimhukumu msimu huo. Aliyewahi kukua apelekwe kucheza na wakubwa, nguvu zisimtoshe. Aliyechelewa apewe dakika, hata kwa kushushwa rika kwenye mechi za mazoezi. Ahame namba: sita, nane, hata beki wa pembeni. Asome. Na wakala anayekuomba pesa ya majaribio Ulaya kwa mtoto wa miaka 14 usimpe hata shilingi, maana kifungu cha 19 cha kanuni za uhamisho za FIFA kinazuia mchezaji kuhamishwa nje ya nchi kabla ya miaka 18, na misamaha michache iliyopo haimhusu kijana anayetoka Temeke kwenda peke yake.