Hakuna Asilimia 30

Maonyesho ya katuni yakikaribia Nairobi, yawe NAICCON au yale madogo ya ukumbi mmoja na meza za kukodi, wachoraji chipukizi huniletea swali lile lile: "Nikibadilisha asilimia 30 ya mchoro, si unakuwa wangu?" Wengi hawaulizi, wanataka niitikie tu waende kuchapa. Siitikii. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haina asilimia 30. Haina 20, haina 50.

Hebu anayeiamini kanuni hiyo anieleze inavyopimwa. Ni asilimia 30 ya mistari? Ya rangi? Ya eneo la karatasi? Mchukue Spider-Man, mvike kikoi, msimamishe juu ya paa la KICC wakati jua linatua. Pengine robo tatu ya karatasi ni kazi ya mkono wako, na mtoto wa chekechea bado atamtaja kwa jina akiwa mlangoni. Kutambulika huko ndiko sheria inakokutazama. Kifungu cha 26 kinampa mwenye kazi mamlaka juu ya kazi nzima au sehemu yake ya msingi, iwe katika umbo lake la asili au katika umbo lolote linalotambulika kuwa limetokana nayo. Soma tena maneno hayo ya mwisho. Aliyeyaandika alikuwa amekwisha kumfikiria mtu mwenye wazo la kikoi.

Na sehemu ya msingi haipimwi kwa rula. Mwaka 2000 Baraza la Malordi la Uingereza liliamua kesi ya vitambaa kati ya Designers Guild na Russell Williams. Mchoro uliogombaniwa ulikuwa wa mistari na maua yaliyotawanywa juu yake. Ukilinganisha ua moja na jingine ungeona tofauti nyingi, na mahakama ya rufaa ilikuwa imezitegemea tofauti hizo. Malordi wakaikosoa: kunakili kukishathibitika, swali ni kile kilichochukuliwa na uzito wake katika kazi kilikotoka. Designers Guild ikashinda. Hukumu za huko hazizifungi mahakama zetu, ila mawakili wetu huzitaja na majaji wetu huzisoma.

Aliyebadilisha kupita wote ninaowajua ni Jeff Koons wa Marekani. Alichukua picha ya kamera, nyeusi na nyeupe, ya mume na mke waliopakata watoto wa mbwa, akaagiza ichongwe kuwa sanamu kubwa ya mbao. Akaongeza maua kwenye nywele, akawapaka mbwa rangi ya buluu. Karatasi ikawa mbao, kivuli kikawa rangi. Mwaka 1992 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York ilisema amekiuka hakimiliki ya mpiga picha, Art Rogers. Nani ataniambia hiyo ilikuwa asilimia ngapi?

Uongo huu unaniudhi hasa kwa sababu unamgeukia mchoraji mwenyewe. Ungekuwa sheria, mchapa fulana anayekuta mchoro wako mtandaoni, akaugeuza kushoto kulia, akabadilisha rangi ya gauni na kufuta sahihi yako, angekuwa na haki kamili ya kuuza fulana hizo bila kukupa hata shilingi. Wachoraji haohao wanaoitetea asilimia 30 hunijia wakitokwa na machozi yakiwafika hayo. Ngao yenu dhidi ya mchapa fulana ni kifungu kilekile mnachotaka kukikwepa.

Nikishafika hapo huambiwa, "Lakini kila meza inauza Naruto." Kweli, na wenye Naruto hawajaja. Huo ni uvumilivu, na anayekuvumilia leo anaweza kuacha kesho bila kukupa notisi. Japani, ambako Comiket imekuwa ikikusanya wachoraji mashabiki tangu 1975, biashara hiyo imekaa miaka mingi juu ya uvumilivu huohuo, na mwaka 2013 mchora manga Ken Akamatsu aliona haja ya kuweka kwenye kazi yake alama maalumu ya kuwaruhusu mashabiki. Kama ruhusa ingekuwapo tayari, alama ingekuwa ya nini? Kumchora mhusika wa mwingine wewe mwenyewe kuanzia mstari wa kwanza hakubadilishi kitu, maana mkono ni wako na mhusika si wako. Kile kikaratasi cha "sikukusudia kukiuka hakimiliki" kinachobandikwa pembeni ya meza ni hatari zaidi. Kuuza nakala haramu ni kosa la jinai pia, na utetezi upo kwa asiyekuwa na sababu ya kushuku. Wewe umeandika kwa mkono wako kwamba ulishuku.

Basi uuze nini? Mhusika wako mwenyewe, kwanza kabisa, kwa stika na chapa ndogo za bei ambayo mwanafunzi ataitoa bila kupiga simu nyumbani. Kazi zilizokwisha muda: Kenya ni miaka 50 tangu mwisho wa mwaka aliofariki mwandishi, kwa hiyo wimbi la Hokusai ni lako, Dracula wa Bram Stoker ni wako, lakini Tintin subiri hadi 2034, kwani Hergé alifariki 1983. Angalia usinakili Dracula wa filamu ya juzi. Watu wa historia kama Mekatilili wa Menza wachore. Nakshi na hadithi za jamii zina sheria yake ya mwaka 2016, na idhini ya jamii ndiyo njia. Mchoraji mwenzako wa hapa mwenye mhusika unayempenda mwombe leseni kwa maandishi, mgawane mapato. Hakimiliki yako huzaliwa unapochora, bila ada. Cheti cha KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, ni ushahidi, na ni ushahidi mzuri. Hifadhi michoro ya awali yenye tarehe.

Halafu ile picha ya oda unayomchorea mteja hapohapo mezani: kwa kifungu cha 31, kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Mteja akilipia picha ya mhusika wako bila makubaliano, anaweza kuichapa yeye. Andika kwenye risiti kwamba hakimiliki inabaki kwako, atie sahihi, ndipo upokee M-Pesa.